Mwongozo kamili: kukagua leseni na hataza kabla ya kumkabidhi mteja programu

Kosa ni lilelile kila mara. Programu imekwisha, mteja wa Lubumbashi amelipa nusu, kisha ofisi yake kuu iliyoko nje ya nchi inaomba karatasi moja tu: orodha ya vipande vya programu huria (ambayo msimbo wake uko wazi kwa wote) vilivyomo ndani, pamoja na leseni ya kila kimoja. Fundi anajibu, "Vyote ni vya bure, nilivitoa kwenye intaneti." Fakture inalala hapo.

Kabla ya kugusa kompyuta, tenganisha mambo mawili. Leseni hutolewa na mwandishi wa msimbo juu ya alichokiandika: nakili, badili, gawa, kwa masharti haya na haya. Hataza, ambayo kwenye kontra za kwetu huitwa breve, inalinda njia ya kufanya jambo, hata kama msimbo umeuandika mwenyewe tangu mstari wa kwanza. Mwandishi hawezi kukugawia hataza ya mtu mwingine. Ndiyo maana programu inaweza kuwa huria kabisa kwa leseni na bado ikawa na deni la hataza.

Mfano tutakaoenda nao ni programu ya ghala la vipuri. Imeandikwa kwa Python, madirisha yake ni ya PyQt, inapiga mhuri kwenye fakture za PDF kwa PyMuPDF, na inaonyesha video ya usalama kwa wafanyakazi getini. Imefungwa kuwa faili za kumkabidhi mteja kwa PyInstaller, na ndani kuna `ffmpeg.exe`, zana ya kusoma na kubadilisha video. Mchanganyiko huu ni wa kawaida mno, na karibu kila kipande chake kina mtego.

## Vitu vya kuandaa

- Nakala ya faili zilezile utakazomkabidhi mteja. Folda yako ya kazi haitoshi, kwa sababu kufunga programu huongeza vitu ambavyo hukuviandika.
- Mazingira ya Python (venv) yaliyotumika siku ya kufunga.
- Zana ya `pip-licenses`, inayoorodhesha leseni za vifurushi vya Python, na ScanCode, inayosoma faili zenyewe, kama kompyuta yako ina nguvu.
- Lahajedwali yenye safu sita: jina, toleo, leseni, ilikotoka, inaondoka au inabaki kwetu, la kufanya.
- Rasimu ya kontra, kabla haijasainiwa.
- Kle USB moja tupu, na siku nzima ya kazi kwa mara ya kwanza.

Kama mega za intaneti ni za kuhesabu, pakua zana mara moja mahali penye Wi-Fi kwa `pip download pip-licenses -d zana`, kisha uisakinishe nyumbani bila mtandao kwa `pip install --no-index --find-links zana pip-licenses`. Pakua kwa toleo lilelile la Python na mfumo uleule wa kompyuta utakayotumia. Vinginevyo baadhi ya vifurushi vitakataa.

## Hatua ya 1: Andika kinachoondoka na kinakokwenda

Chukua karatasi, ujibu maswali matatu. Nani anapokea faili mkononi? Nani anatumia programu kupitia mtandao bila kupokea faili? Nchi zipi?

Swali la kwanza linaamsha masharti ya GPL, leseni inayotaka anayepokea programu apewe pia chanzo chake (msimbo wenyewe) kwa leseni ileile, kwa sababu GPL inadai pale unapogawa. La pili linaamsha AGPL, ndugu ya GPL, ambayo kifungu chake cha 13 kinamgusa hata anayetumia programu iliyobadilishwa kwa mbali tu. La tatu ni la hataza, maana hataza haivuki mpaka: ina nguvu katika nchi au kundi la nchi ilikotolewa peke yake.

Kongo ya Kinshasa ina sheria yake ya mali ya viwanda, namba 82-001 ya tarehe 7 Januari 1982, na si mwanachama wa OAPI wala ARIPO, mashirika mawili ya Afrika yanayotoa hataza kwa nchi wanachama wao. Kwa hiyo hataza iliyotolewa na mojawapo ya ofisi hizo haifiki Lubumbashi yenyewe. Lakini Zambia ni mwanachama wa ARIPO. Programu ileile ikivuka mpaka wa Kasumbalesa kwenda kwenye tawi la mteja, imeingia katika eneo jingine la hataza, na ikifika Marekani imeingia katika jingine tena, lenye kesi nyingi zaidi.

Onyo. Wengine husikia hayo wakahitimisha kwamba "huku hakuna breve". Hataza iliyotolewa Kinshasa inafanya kazi Lubumbashi. Na leseni haitegemei hataza hata kidogo: haki ya mwandishi inalindwa na sheria namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986, na Kongo imo katika Shirika la Biashara Duniani tangu 1997, ambalo mkataba wake unalinda programu za kompyuta kama maandishi. Kuvunja GPL hapa ni kuvunja GPL.

Umefaulu ukiwa na sentensi moja iliyo wazi, kama hii: "Faili zinakwenda kwa mteja mmoja, kompyuta 12 Lubumbashi na 3 Zambia, hakuna anayetumia kwa mtandao."

## Hatua ya 2: Toa orodha ya vifurushi

Washa venv ile ya kufungia, kisha:

`pip-licenses --format=csv --with-urls --output-file=orodha.csv`

Sehemu za JavaScript zikaguliwe kwa `npx license-checker --production --csv`. Anayetumia PHP ana `composer licenses` tayari.

Zana hizi hazisomi msimbo. Zinasoma kile ambacho mwandishi wa kifurushi alikiandika kwenye maelezo yake. Ndiyo maana utaona `UNKNOWN`, au neno "BSD" tupu bila kusema ni BSD ipi. Kwa kila mstari wa namna hiyo, fungua faili ya LICENSE ndani ya kifurushi chenyewe na usome.

Kifurushi kisicho na leseni popote si cha bure kwa wote. Kwa kawaida ya sheria, haki zote zimebaki kwa mwandishi. Mwandikie aongeze leseni, au kitoe. Msimbo ulionakiliwa kutoka Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu ya waandishi wa programu, nao una leseni, CC BY-SA, yenye masharti ya kutaja mwandishi na kugawa kwa leseni ileile. Mistari miwili ya kawaida haina shida. Kazi nzima ya mistari 80 iandike upya.

ScanCode ndiyo inayosoma faili zenyewe: `scancode -cli -n 2 --json-pp matokeo.json src/`. Ielekeze kwenye folda chache. Ukiiachia `node_modules` yote (folda ya vifurushi vya JavaScript) inaweza kuchukua saa nyingi, na umeme ukikatika katikati unaanza upya.

## Hatua ya 3: Tafuta kilichojificha ndani ya vifurushi

Hapa ndipo wengi huanguka, kwa sababu orodha ya hatua ya 2 inaonekana kamili.

Ingia kwenye folda iliyofungwa, na kwenye Windows uandike `dir /s /b *.dll *.exe > faili.txt`. Kwenye Linux tumia `find dist -name "*.so*"`. Sasa linganisha na orodha. Kifurushi cha `opencv-python`, kwa mfano, kinajitambulisha kuwa Apache 2.0, lakini ndani yake kwenye Windows kuna faili inayoanza na `opencv_videoio_ffmpeg`, ambayo ni FFmpeg yenye leseni ya LGPL, yaani GPL iliyolegezwa kwa ajili ya maktaba (vipande vya msimbo vinavyotumiwa na programu nyingine). `pip-licenses` haitakutajia. Jina lolote lenye `avcodec`, `x264`, `x265` au `fdk` lipewe mstari wake kwenye lahajedwali.

Kisha ihoji `ffmpeg.exe` yenyewe:

`ffmpeg -L`
`ffmpeg -buildconf`

Amri ya kwanza inakuambia leseni, ya pili jinsi ilivyojengwa. FFmpeg kwa asili ni LGPL 2.1 au zaidi. Ukiona `--enable-gpl`, imekuwa GPL nzima, mara nyingi kwa sababu ya x264, kipande cha kubana video chenye leseni ya GPL. Ukiona `--enable-nonfree`, simama: nakala hiyo hairuhusiwi kugawiwa kwa mtu yeyote, hata bure. Itupe, tafuta nyingine. Kuna wajenzi wanaotoa matoleo ya Windows yenye neno `lgpl` kwenye jina la faili.

Umefaulu kila DLL (faili ya maktaba kwenye Windows) ikiwa na mwenyewe kwenye lahajedwali.

## Hatua ya 4: Soma kila leseni inasema nini juu ya hataza

Leseni zinazofanana kwa mambo mengine zinatofautiana sana hapa.

Apache 2.0 ya mwaka 2004 ndiyo iliyo wazi kuliko zote. Kifungu cha 3 kinakupa hataza za kila mchangiaji zinazoguswa na mchango wake. Ukifungua kesi ukidai kazi hiyo inavunja hataza yako, ruhusa hiyo inakatika siku hiyohiyo ya kufungua kesi.

MIT na BSD hazitaji hataza kabisa. Wapo mawakili wanaosema ruhusa inaeleweka hata bila kuandikwa, lakini ofisi kuu ya mteja hupenda kilichoandikwa. Kwa kifurushi kidogo cha kupanga tarehe usijali. Kwa maktaba ya sauti, picha au usimbaji kutoka kwa kampuni kubwa, tafuta kama kuna faili ya PATENTS kando. React, maktaba ya Facebook ya kujenga kurasa za programu, iliwahi kuwa na faili kama hiyo yenye masharti magumu. Baada ya kelele nyingi, mwaka 2017 ilihamia MIT.

CC0 inasema wazi kwamba hataza haziachiliwi. Kwa sababu hiyo Fedora, mfumo wa Linux, iliacha kuikubali kwa msimbo mpya mwaka 2022. Kwa picha na ikoni iko sawa.

GPL 3 ya 2007 inatoa hataza za wachangiaji kwenye kifungu cha 11, na MPL 2.0 (leseni ya Mozilla) ya 2012 inatoa pia. GPL 2 ya 1991 haina maneno ya kutoa moja kwa moja, ila kifungu cha 7 ni kikali: kama hataza inakuzuia kutimiza masharti ya leseni, usigawe kabisa.

Mahali ambapo hataza zinavunja ndoa ya leseni ni Apache 2.0 na GPL 2. Sharti la Apache la kukatika kwa ruhusa linahesabiwa na GPL 2 kuwa kizuizi cha ziada, hivyo haviwezi kuunganishwa katika programu moja inayogawiwa. Na GPL 3 vinaungana. Kwa hiyo angalia mwisho wa jina: `GPL-2.0-or-later` inakupa nafasi ya kuhamia GPL 3, `GPL-2.0-only` haikupi. Anayeandika "GPL" tu kwenye lahajedwali amelificha tatizo.

## Hatua ya 5: Amua, badilisha, au fungua

Rudi kwenye mfano wetu.

PyQt ni GPL 3 au leseni ya kulipia. Ukiikabidhi ndani ya programu iliyofungwa bila chanzo, umevunja leseni. Njia nyepesi ni kuhamia PySide6, inayotumia maktaba ileile ya madirisha (Qt) lakini ni LGPL, na majina ya amri karibu yote ni yaleyale. Funga kwa `--onedir` badala ya `--onefile`, ili DLL za Qt zibaki kando na mteja aweze kuziweka nyingine: LGPL inadai hivyo. Usiandike kwenye kontra kwamba mteja haruhusiwi kuichunguza programu. LGPL inamlinda kwa hilo anapobadilisha maktaba. Na jihadhari na Qt Charts, ile ya kuchora grafu za ghala. Hiyo ni GPL au ya kulipia, hata ndani ya PySide6.

PyMuPDF ni AGPL au ya kulipia. Kwa kupiga mhuri tu si lazima uitumie. Tengeneza ukurasa wa mhuri kwa ReportLab, kisha uuweke juu ya fakture kwa `merge_page` ya pypdf. Zote mbili ni BSD, na kazi haizidi nusu siku.

Lakini kabla ya kubadilisha lolote, jiulize kama kuna haja. GPL haikatazi kuuza. Kama mteja ni mmoja na programu ni ya ghala lake tu, unaweza kumpa programu chini ya GPL 3 pamoja na chanzo chote, ukapokea dola zako, na huna deni la kumpa mtu mwingine yeyote. Mafundi wengi hupoteza wiki mbili kukimbia GPL wakati mteja mwenyewe alikuwa anautaka msimbo tangu mwanzo.

## Hatua ya 6: Video na sauti

Kuchukua FFmpeg ya LGPL kunatatua leseni. Hakutatui hataza, kwa sababu kisomaji cha H.264, njia ya kubana video iliyoenea, bado kimo ndani, na H.264 ina kundi la hataza, yaani wenye hataza waliojiunga kutoza pamoja. Kwa miaka mingi bei ya kundi hilo imekuwa hivi: nakala 100,000 za kwanza kwa mwaka hazilipiwi, baada ya hapo senti 20 za dola kwa moja. Kompyuta 15 za ghala haziko kwenye hesabu hiyo, ila kutolipa si sawa na kutohitaji leseni, na kontra ya mteja inaweza kukubana. H.265, iliyoifuata, ni ngumu zaidi: makundi ya hataza ni zaidi ya moja. Si bure kwamba Microsoft huuza kisomaji cha H.265 kando, kwa dola 0.99.

Una njia tatu.

Kwanza, usibebe kisomaji. Tumia kilichomo kwenye mfumo: MediaCodec kwenye tableti za Android, Media Foundation kwenye Windows. Aliyetengeneza kifaa au mfumo ndiye aliyeshughulika na kundi la hataza.

Pili, OpenH264, kisomaji cha H.264 cha kampuni ya Cisco. Cisco hulipa kwa nakala iliyojengwa na Cisco wenyewe, kwa sharti kwamba kifaa cha mtumiaji kiipakue kutoka kwao. Ukiinakili kwenye kle na kuigawa, malipo hayo hayakuhusu tena. Kwa tableti za getini zisizo na intaneti, njia hii imekufa.

Tatu, badilisha video iwe ya VP9, njia nyingine ya kubana video, na sauti yake iwe Opus. Hii ndiyo ninayoipendekeza kwa mfano wetu:

`ffmpeg -i usalama.mp4 -c:v libvpx-vp9 -crf 33 -b:v 0 -c:a libopus -b:a 64k usalama.webm`

VP9 inasomwa na Android tangu 4.4, na Opus tangu 5.0. AV1, njia mpya zaidi ya VP9, hubana vizuri zaidi, lakini Android huisoma tangu 10 tu, na tableti nyingi za bei nafuu zitakwama. Google imetoa hataza zake za VP9 bila malipo. Hata hivyo kampuni ya Sisvel ilitangaza mwaka 2019 makundi yake ya hataza yanayodai haki juu ya VP9 na AV1, kwa hiyo usimwandikie mteja "hakuna hataza". Andika "Google imetoa hataza zake za VP9 bila malipo".

Sauti peke yake ni rahisi: mpango wa kutoza MP3 ulifungwa tarehe 23 Aprili 2017. Itumie bila hofu.

Inayoharibika mara nyingi: video iliyopigwa kwa simu mpya ni H.265 bila mwenyewe kujua. Ipime kwa `ffprobe` kabla ya kuiingiza popote. Ukiona `hevc` (jina jingine la H.265), ibadilishe.

## Hatua ya 7: Tengeneza folda ya LESENI

Ndani ya venv:

`pip-licenses --with-license-file --no-license-path --format=plain-vertical --output-file=LESENI.txt`

Ongeza kwa mkono leseni za DLL za hatua ya 3, na faili za NOTICE za vifurushi vya Apache. Mistari ya "Copyright" ya MIT na BSD ibaki kama ilivyo. Kuifuta ndilo kosa dogo linalofanywa zaidi.

Kwa GPL na LGPL weka chanzo, cha toleo lilelile, kwenye kle hiyohiyo. GPL 2 inaruhusu badala yake ahadi ya maandishi ya kutoa chanzo, inayodumu angalau miaka mitatu. Usiichague. Miaka mitatu ni mirefu, kompyuta huibiwa na diski hufa, nawe bado una deni. Kiungo cha GitHub peke yake nacho ni dhaifu, maana kesho toleo litakuwa jingine.

Mpe mwenzako kle hiyo, azime intaneti. Akiweza ndani ya dakika kumi kutaja leseni ya DLL yoyote unayomwonyesha, folda imekamilika.

## Hatua ya 8: Kontra

Tafuta sentensi mbili. Ya kwanza inasema unamhamishia mteja haki zote za msimbo wote. Huwezi, Qt si yako. Wakili aiandike hivi: unamhamishia haki za ulichokiandika wewe, na vipande vilivyo kwenye orodha ya nyongeza vinabaki chini ya leseni zao.

Ya pili inasema utamlinda mteja dhidi ya dai lolote la hataza, popote, bila kikomo. Usiisaini. Omba iwe "kwa kadiri ya anachokijua mtoa huduma siku ya kukabidhi", kwa nchi zilizotajwa tu, na kikomo kiwe kiasi cha fakture. Ambatisha lahajedwali kama nyongeza ya kontra, na kila upande uisaini.

## Barua ikifika

Kama ni ya mwenye haki ya msimbo, usifute kitu. Chini ya GPL 3, ikiwa ni mara ya kwanza na ukarekebisha ndani ya siku 30 tangu kupata taarifa, haki yako inarudi moja kwa moja. GPL 2 haina nafasi hiyo ndani yake: haki hukatika mara tu unapoivunja, kwa hiyo baada ya kurekebisha omba mwenye haki akurudishie kwa maandishi.

Kama ni ya hataza, usieleze kwa WhatsApp jinsi programu yako inavyofanya kazi. Omba namba ya hataza na nchi ilikotolewa. Itafute kwenye Espacenet, hifadhidata ya hataza kwenye intaneti, uangalie tarehe ya kuombwa na ada za mwaka kama zimelipwa: hataza kwa kawaida hudumu miaka 20 tangu kuombwa, na isiyolipiwa hufa mapema. Kisha ilinganishe na sentensi uliyoiandika kwenye hatua ya 1, na umpelekee wakili vyote viwili pamoja na barua yenyewe.